Ukuta Katikati ya Mlango

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Lukindo kwao Lushoto, na mimi nilirudi nyumbani nimenuna. Msemaji wa kwanza alitaja majengo yake ya Dar es Salaam. Wa pili akataja ya Dodoma. Wa tatu, kijana mwenye suti iliyombana makwapani, akasoma orodha kwenye simu na kurudia yale yale: ghorofa ngapi, lifti ngapi, vioo vilitoka nchi gani. Hakuna aliyetaja Katesh. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikisubiri, nikajipa moyo kwamba labda padri ataitaja, wapi. Basi nimeamua kuitaja mwenyewe. Nimefanya kazi ya kuchora ramani za majengo maisha yangu yote, nimekaa na wasanifu wenye majina makubwa na wengine wenye midomo mikubwa tu, na jengo ninaloliona nikifumba macho ni lile fupi la mawe meusi chini ya Mlima Hanang, lenye ukuta uliosimama peke yake mara tu unapovuka mlango.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mchoraji wa ramani katika mwaka wangu wa majaribio, na nilikuwa najiona. Zilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Ukisimama Katesh ukaangalia uwanda wa Basotu, ardhi ilikuwa imelimwa mpaka macho yanachoka, na mashine za kuvunia zilipita zikifuatana kama ng'ombe wanaokwenda majini. Wafanyakazi walikuwa wengi, mishahara yao ililetwa kwa gari kutoka mbali, na benki moja ikaona ijenge tawi pale pale. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kulisanifu, ikamtuma Bwana Lukindo, na Bwana Lukindo akanichagua mimi nimfuate. Akaniambia ukumbi wa wateja nitauchora mimi, yeye atasahihisha. Mkaguzi wa majengo kutoka makao makuu ya benki angekuja kuupitisha au kuukataa. Ukikataliwa, ningerudi kwenye chumba cha kunakili kazi za wengine, na nilishakaa humo miezi minane, nilikuwa nimekichukia kama dawa ya minyoo.

Tulikaa kwenye nyumba ya wageni ya Mama Safari, mwanamke wa Kiiraqw kutoka milima ya Mbulu, mkristo safi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Meza yangu ya kuchorea ilikuwa mlango mpya wa mninga ambao fundi alikuwa hajaupachika. Tuliulaza juu ya mapipa mawili, nikabandika karatasi yangu juu yake. Chumba kilinuka mafuta ya taa na maziwa ya moshi. Upepo wa kutoka mlimani ulianza saa nne asubuhi kwa uaminifu kuliko watumishi wa serikali, ukaingiza vumbi la mashamba kwenye wino, kwenye chai, kwenye meno. Mchana tulikula makande pamoja na madereva wa matrekta, na kila siku nilisikia malalamiko yale yale. "Tunalala kwenye ngano, tunaamka kwenye ngano, tunakula mahindi," alisema mmoja. Mwenzake akamjibu kwamba ngano ya hapa lazima ikatalii Arusha kwanza, ikirudi imeshakuwa mkate wa watu wengine. Wote wakacheka wakiomba waongezewe maharage.

Ramani tuliyopewa na makao makuu ya benki ilikuwa nzuri sana kwa Tanga. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa wa matofali ya matundu, ili upepo wa bahari upite. Siku ya kwanza Bwana Lukindo aliweka kikombe cha chai dirishani, akakihesabia dakika kumi, akanionyesha utando wa vumbi uliokaa juu yake. Akaikunja ile ramani akaiweka chini ya godoro. Kisha akaenda kukaa jikoni kwa Mama Safari na kumuuliza nyumba za zamani za kwao zilikaaje. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Msanifu aliyesoma nje ya nchi anachambua maharage na kuuliza habari za tembe! Mama Safari akamweleza bila haraka kwamba babu zake walichimba nyumba kwenye mteremko, mgongo ndani ya mlima, paa la udongo, mlango upande ambao upepo haupigi. "Nyumba inampa upepo mgongo," alisema, "kama ng'ombe anavyofanya mvua ikinyesha." Bwana Lukindo akachora kwenye karatasi ya sukari, sukari yenyewe haikuwepo. Jengo lote lilitoka kwenye karatasi ile. Mgongo wake wa mawe meusi ya Hanang umezama nusu kwenye mteremko, chumba cha hazina kimejificha ndani ya ardhi ambako mwizi angehitaji kuwa fuko, na juu kabisa, chini ya paa la zege lililokunjwa, pakapita mstari mwembamba wa madirisha unaomwaga mwanga moja kwa moja kwenye kaunta. Leo wanaandika vitabu kuhusu majengo yanayoheshimu hali ya hewa. Yeye alifanya hivyo huku akichambua maharage, na sikuwahi kumsikia akijisifu.

Kitu cha pili nilichojifunza kwake ndicho kilichonitesa. Alikuwa na tabia ya kulijenga jengo kwa kamba kabla ya kulijenga kwa mawe. Nilipomaliza ukumbi wangu, alitoa vigingi, kamba na chokaa, tukauchora chini kwenye kiwanja kwa ukubwa wake halisi: mlango hapa, kaunta pale, chumba cha hazina kule. Siku ya mnada, watu wakiwa wengi, akasimama pale mlangoni akawakaribisha waingie benki. Walidhani ana kichaa. Lakini watu wa mnada wanapenda jambo jipya, wakaanza kuingia. Wakapanga foleni mbele ya kaunta ya chokaa, wakasalimiana, wakatania, mmoja akauliza kama mikopo nayo ni ya kamba. Bwana Lukindo alizunguka na daftari lake akiandika wanaposimama, wanapogongana, wanapoweka fimbo zao. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na furaha tele, kwa sababu foleni yangu ilikwenda vizuri na mlango wangu mmoja, kama kanuni ya benki ilivyotaka, ulitosha.

Miongoni mwa walioingia alikuwepo Udamajega, mama wa Kibarbaig kutoka Gehandu aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Alikuwa na umri unaokaribia wangu, watoto watatu, gauni la ngozi siku za sherehe na khanga siku nyingine, na tabia ya kunicheka kwa sababu nilikuwa sijaolewa. Yeye na wenzake walikuwa wamepata bahati kubwa: shamba la ngano lilikubali kununua maziwa yao kwa ajili ya kambi ya wafanyakazi, kwa sharti kwamba malipo yangepitia benki mara itakapofunguliwa, na kila mwanamke angekwenda mwenyewe kuyachukua. Asiyekwenda angetolewa kwenye orodha. Malisho mengi ya kwao yalikuwa yamelimwa ngano, ng'ombe walikuwa wamepungua, na maziwa hayo ndiyo yalimlisha yeye na watoto wake. Kwa hiyo hakuja kwenye kamba zetu kwa mchezo. Alikuja kujifunza namna ya kuingia.

Alikuwa amefika katikati ya foleni, ananipungia mkono, mara mzee mmoja mrefu mwenye mgolole na mkuki akatokea kwenye mlango wetu wa chokaa. Udamajega alimwona kwa jicho la pembeni. Akajifunika uso kwa khanga, akageuka, na kwa kuwa mlangoni ndipo mzee aliposimama, akaondoka kuelekea upande mwingine. Akaruka kaunta. Akapita katikati ya chumba cha hazina. Akatoka nje kwa kuvuka ukuta wa nyuma, ule ambao ungekuwa wa mawe unene wa dhiraa mbili. Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka, sifichi, nikamwambia Bwana Lukindo kwamba tumepata mwizi wetu wa kwanza. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee, ambaye naye alikuwa amegeuka na kuondoka haraka bila kuingia.

"Kwa nini amekimbia?" aliuliza.

Mama Safari alikuwa karibu, na kikapu chake cha viazi kichwani. "Huyo ni baba mkwe wake," alisema. "Kwa Wabarbaig mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso, hata jina lake halitamki. Hawapishani mlango mmoja. Ni heshima, siyo ugomvi."

"Na jengo likishakuwa la mawe, atapita wapi?"

"Hatapita," alisema Mama Safari. "Ataona mzee anaelekea huko, yeye atarudi nyumbani. Wazee wote wa huko ni baba wakwe wa mtu. Hao wanawake wa maziwa, wengi hawataingia."

Bwana Lukindo akafunga daftari, akanigeukia. Alisema kwa upole tu, na upole wake ulinichoma kuliko ukali. "Binti, umechora ukumbi mzuri ambao mteja wetu hawezi kuutumia. Una siku tisa kabla ya mkaguzi kufika."

Nilikasirika siku mbili nzima. Niliona ananionea, kwamba mila za watu hazinihusu, benki ni benki. Kisha asubuhi ya tatu Udamajega alileta maziwa na hakunicheka. Aliuliza tu kama malipo yangeweza kufanyika kwingine, nikamwambia hapana, akasema "Haya," akachukua kibuyu chake kitupu. Nikarudi kwenye mlango wangu wa mninga nikaanza upya. Nilichora milango miwili. Nikakumbuka kwamba kanuni ya benki haikuruhusu zaidi ya mmoja wa wateja, nikaikwangua kwa wembe. Nilichora baraza nje ambako wanawake wangesubiri mpaka wazee watoke. Bwana Lukindo akaitazama akasema, "Hapo umempa mahali pazuri pa kubaki nje," nikaikwangua pia. Karatasi ikawa nyembamba mpaka nikiiinua naona vidole vyangu upande wa pili. Siku ya tano nilikuwa sina kitu, nikamwomba Udamajega anipeleke kwake.

Tulitembea kwa saa tatu. Nyumba yake ilikuwa ndefu na ya chini, ya miti na udongo, ndani ya uzio wa miiba, na tukaketi ndani tukinywa maziwa yaliyochachuka vizuri mpaka ulimi unasisimka. Nikamuuliza mkwe wake akija kumtembelea mwanawe wanafanyaje. Akashangaa kuulizwa jambo ambalo kila mtoto analijua. Akanionyesha kwa mkono: upande ule wanakaa wanaume, upande huu wanawake, na katikati ulisimama ukuta wa fito uliokandikwa udongo, hata haukufika darini. Mzee akiingia anakwenda kwake, yeye anakaa kwake, wanasikia sauti za wenzao, maisha yanaendelea. "Hapa nyumba inatusaidia," alisema. "Mjini hakuna kitu cha kutusaidia." Nilitaka kuondoka saa ile ile. Akanilazimisha nimalize maziwa kwanza, akaniambia kwa haraka hiyo sitapata mume.

Nilichora kwa siku mbili mfululizo. Mlango ukabaki mmoja, mpana, lakini katikati yake nilisimamisha ukuta wa mawe, mrefu kuliko mtu mrefu, mwanzo wake mlangoni na mwisho wake karibu na kaunta. Wanawake wanapita kulia, wanaume kushoto. Aliye upande mmoja hamwoni aliye upande wa pili. Kaunta nayo ikagawanyika mara mbili, dirisha huku na dirisha kule, na mahali ukuta unapoishia nikaweka kiti cha askari, naye peke yake ndiye anayeona pande zote. Bwana Lukindo aliitazama muda mrefu huku akikuna kidevu. Hakuongeza mstari. Aliniazima kalamu yake ya wino mzuri ili niandike vipimo, akaenda jikoni kuulizia chakula, na mimi nikajifungia nikalia kidogo kwa furaha. Msanifu mwingine yeyote niliyemjua angegusa chochote, walau asogeze kiti cha askari, ili kazi iwe yake.

Mkaguzi alikuja na suti ya kaunda na mkoba wa ngozi, mtu mzito asiyetabasamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia, akaitandaza ramani na kuweka kidole chake moja kwa moja juu ya ukuta wangu. "Hiki kitu ni cha nini? Kinakula nafasi." Bwana Lukindo akanitazama. Nikaingiwa na woga. Nikamwambia mkaguzi kwamba ni kwa ajili ya upepo, ukuta unazuia vumbi lisifike kaunta, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini siyo kweli yote. Akasema kwa ajili ya vumbi atanunua mazulia, ukuta utolewe. Alikuwa ameshafungua kalamu kuufuta.

"Upepo ni sababu ya pili," alisema Bwana Lukindo. "Ya kwanza mwambie, binti. Usimwonee haya Udamajega."

Basi nikamwambia. Nilimweleza habari ya kamba, ya mzee, ya mama aliyetoka kupitia chumba cha hazina, ya nyumba yenye ukuta wa fito. Nilisema vibaya, nikarudi nyuma, nikasahau mambo. Mkaguzi alisikiliza kalamu ikiwa hewani. Nilipomaliza akaishusha kalamu mezani. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Askari anaona pande zote mbili?" Nikamwonyesha kiti. Akasema, "Mimi ni mtu wa Tukuyu. Mama yangu aliishi jirani na babu yangu mzaa baba maisha yake yote na hajawahi kukutana naye njiani. Akisikia anakuja, anaingia kwenye migomba, hata mvua ikinyesha." Akatia sahihi. Kisha akauliza kama maziwa yanapatikana.

Jengo lilikamilika mwishoni mwa mwaka ule, na nashindwa kueleza uzuri wake bila kuonekana najisifu, kwa hiyo nitaeleza kazi ya Bwana Lukindo tu. Ukilitazama kutoka barabarani lilikuwa halijionyeshi. Lilikuwa limekaa chini, mawe yake yanafanana na mlima uliolizaa, na paa jeupe lililokunjwa ndilo pekee lililokuambia kwamba hapa pana jambo jipya. Ukiingia, upepo unakatika mgongoni kwako, na mwanga unashuka kutoka juu kwenye mikono ya mtu anayekuhudumia. Watu waliingia wakiongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Alisema benki nyingi zinajengwa ili kumtisha anayeingia, naye alitaka mfugaji wa kule Getanuwas aingie na fimbo yake bila kuona aibu.

Wiki ya tatu tulikuwa ndani, karibu na kiti cha askari, tukikagua nyufa kwenye sakafu. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, watu wengi. Udamajega alikuwa dirisha la kulia na wenzake wanne wa maziwa, wanacheka na karani kuhusu vidole vyao vyenye wino. Mara nikamwona yule mzee mrefu akipita mlangoni. Askari akamwelekeza kwa kichwa, naye akaenda kushoto, taratibu, akasimama upande wa pili wa ukuta, karibu na dirisha lake. Kutoka hapo aliisikia sauti ya Udamajega wazi kabisa. Na yeye Udamajega akaisikia ya kwake alipoongea na karani, kwa sababu alisita, akashika khanga yake, akautazama ukuta, kisha akaendelea na shughuli yake. Akamaliza, akageuka, akatoka nje na wenzake bila kuharakisha hatua.

Mzee hakutoka. Alisimama na mkono wake juu ya mawe, akauliza kwa Kiswahili chake cha mnadani ni nani aliyejenga kitu hiki. Bwana Lukindo akamwamkia shikamoo, akanionyesha mimi. Mzee akanigeukia.

"Mimi nikiingia mahali, yeye anatoka," alisema. "Dukani, anatoka. Siku moja zahanati, mtoto anaumwa, yuko mgongoni, mimi nimeingia tu, anatoka na mtoto. Mjukuu wangu. Mimi ndiye nimemtoa. Toka siku ile mimi siingii mahali tena. Nakaa nje, juani, nasubiri watu wote waondoke."

Akaupiga ule ukuta taratibu kwa kiganja.

"Leo yeye alikuwa ndani. Na mimi niko ndani."